Beti Mbili Alizozifuta Radi

Fundi mitambo alikuwa amerekodi waimbaji wengi, wakubwa kwa wadogo, lakini hakuwahi kumpata anayemtangulia kufika studio. Radi alimtangulia. Kila asubuhi fundi alimkuta mzee huyo amekaa kwenye ngazi, koti begani, anaongea na mfagiaji habari za maumivu ya magoti.

Kwa miaka arobaini watu walimjua kwa roki: gitaa za kupasua masikio, jasho, na ile sauti iliyompa jina. Sasa alikuwa na miaka sabini na miwili. Noti za juu zilikuwa zimemkimbia, naye badala ya kuzifukuzia aliamua kurekodi albamu ya bluzi, muziki wa taratibu wa mtu anayetoa yaliyomkaa moyoni. Aliwaalika wageni wampigie, na fundi akajiandaa kwa mivutano, maana alikuwa anawajua wanamuziki.

Mivutano haikutokea. Mpiga gitaa mmoja maarufu, aliyeingia na miwani ya jua mpaka ndani, alimwaga noti kama anayeshindana na saa. Radi alimsogelea polepole.

"Kaka, unapiga vizuri mpaka naona haya kuimba. Nipunguzie kidogo nipate pa kuingilia."

Yule bwana akacheka, akavua miwani, akapiga nusu ya alizokuwa akipiga. Wimbo ukatulia.

Siku ya tisa alikuja fundi saa, mzee mwembamba aliyefunga vifungo vya shati mpaka kooni. Kinanda chake cha mdomo alikuwa amekiviringisha kwenye kitambaa anachofutia vioo vya saa. Radi aliinuka kumpokea.

"Shemeji," alisema, kisha akasita. "Sijui kama bado nina haki ya kukuita hivyo."

"Dada yangu ndiye aliyekuacha," fundi saa alijibu huku akivuta kiti. "Mimi sijakuacha. Chai iko wapi?"

Mama mpiga piano, aliyewajua wote wawili tangu ujana, alimnong'oneza fundi mitambo kwamba wimbo wa siku hiyo ulikuwa wa huyo dada. Alichoka kuwa mke wa mwanamume anayemsikia redioni tu, akafungasha virago, na sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na sita. Radi alikuwa amemwandikia beti tatu za kuomba radhi.

Piano ilianza, kinanda cha mdomo kikafuata. Fundi saa hakupiga kwa mbwembwe. Alivuta noti moja, akaiacha itetemeke mpaka karibu ikatike, kisha akaishusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Zamu ya Radi ikafika. Hakuimba. Fundi mitambo alidhani amepitiwa, akanyoosha mkono kusimamisha mitambo, lakini mzee alimpungia: endelea. Ubeti wa pili nao ukapita hivyo hivyo, Radi kafumba macho, anasikiliza. Kwenye ubeti wa tatu aliisogelea maikrofoni, akaimba kwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, kwamba alikuwa mbali hata siku alizolala nyumbani.

"Turudie, mzee?" fundi mitambo aliuliza walipomaliza. "Beti mbili zimekupita."

"Hazijanipita, mwanangu. Nimezifuta." Alichukua penseli akazikata kwenye karatasi. "Mle ndani nilikuwa najitetea. Shemeji amesema yote bila kujitetea."

Msimamizi kutoka kampuni ya kurekodi alikuna kichwa. "Watu wananunua albamu ya Radi wamsikie Radi."

"Watanisikia. Na jina la shemeji liandikwe kando ya langu, herufi saizi ileile."

Fundi mitambo, aliyewahi kuona waimbaji wakigombea hata sekunde mbili za sauti zao, alitoka nje akijifanya anatafuta waya. Alihitaji kufuta macho.

Wiki ya tatu baada ya albamu kutoka, simu ya studio ililia. Mama mmoja, bila kujitambulisha, alitaka kujua ni nani aliyemnyamazisha Radi kwenye wimbo wa tano.

"Hakuna, mama," fundi alijibu. "Aliamua mwenyewe."



"Basi amekua," mama alisema. Kisha akauliza albamu inauzwa wapi, maana aliyokuwa anaisikiliza ni ya kaka yake, na kaka anaitaka leo.