Vidole Vitatu vya Idi

Hii nilielezwa na Mwantum wa Cibitoke, mfungo uliopita, tukichambua mchele wa futari. Mwantum anakaa ukuta kwa ukuta na wenyewe, hakuiokota barabarani.

Khadidja alikuwa na tundu kwenye paa, juu ya kitanda, upande wake wa kulala. Mvua ikija anaweka sufuria kwenye godoro, analala ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Kaka yake akamletea bati jipya kabisa, naye akalipaka hina kwenye kona, lisije likachanganyika na ya watu. Ukingo ulikuwa umejikunja kidogo njiani. Mume wake Idi, fundi wa magari, akalichukua akalinyooshe garaji. Miezi ikapita. Khadidja akiuliza, Idi anajibu bado ananyoosha.

Kiangazi kikawa kinaisha, mawingu yakaanza kukaa juu ya milima ya ng'ambo ya ziwa. Khadidja akauliza akimimina chai, akauliza akipakua chakula, akauliza mbele ya wageni.

Ndipo Idi akarudi na dawa. Mchina mmoja aliyeleta gari lake kutengenezwa alimkuta Idi anagombana na nati iliyoshika kutu. Akamshika mkono, akapima vidole vitatu kutoka mkunjo wa kiganja, akabonyeza kwa kidole gumba katikati ya mishipa miwili, akamwambia apumue taratibu. Kwao ni utabibu wa mababu, wa kutuliza moyo. Idi akatulia hata akaisamehe nati. Njia nzima akawaza jinsi dawa hiyo ilivyo na kazi nyumbani.

Wamekaa kitandani, Khadidja akafungua mdomo kuhusu bati. Idi akamwomba mkono. Akapima vidole vitatu vyake mwenyewe, vilivyonenepa kama ndizi kwa kushika spana, akabonyeza. Khadidja akasikia hasira inamtoka kama mvuke wa wali. Halafu akaachana na godoro. Akapanda polepole, amebana kanga magotini kwa heshima, mpaka mgongo ukagusa paa.

“Uko muzuri, Mama Karimu?”

“Niko muzuri. Funika sukari, kuna sisimizi.”

Tundu lilikuwa karibu na shingo yake. Akageuza uso, akachungulia nje. Mwantum, aliyekuwa uani, akamwomba amtazamie kama kuku wake wa madoa yuko upande ule. Khadidja akamtafuta kuku, na katika kutafuta akafika kwa macho kwenye garaji ya mume wake. Juu ya benchi la wateja kulikuwa na bati jipya, lina hina kwenye kona, limepigiliwa misumari vizuri kuwa kivuli.

“Baba Karimu,” akasema bila kupandisha sauti, “bati yangu naiona. Imenyooka.”

Idi akakohoa. “Bakiliya kwenye benchi walikuwa wanaungua na jua.”

“Ndiyo,” akasema Khadidja. Aliitafuta ile hasira akaikosa, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.

Mchina alipokuja kuchukua gari, akapita kumsalimia mama wa nyumba. Akatazama juu, akamsalimia. Kisha akamsahihisha Idi kwa upole: kipimo ni vidole vya mwenye mkono, si vya anayebonyeza. Vya Idi vimevuka mbali, vimeangukia mahali pengine. Lakini si kitu, hasira ikimrudia atashuka mwenyewe.

Idi akalifikiria neno hilo. Tangu hapo, kila asubuhi alipanda kwenye kiti, akaupapasa mkono wa mke wake, akabonyeza palepale.

Ijumaa moja, watu wametoka msikitini na wamekula, mvua ya kwanza ikashuka. Khadidja alikuwa amepandishiwa sahani yake, wali na ndagala, dagaa wa ziwani, akala vizuri. Mgongo wake uliziba tundu barabara. Chini hakikuanguka hata kitone. Idi akaondoa sufuria, akajinyoosha katikati ya godoro, maana sasa kitanda chote ni chake.

“Mama Karimu, ukilala usigeuke.”

“Mi nitajua namna gani, na nimelala?”

Idi alikuwa ameshaanza kukoroma. Mvua ikazidi. Kule garaji wateja walikaa wakavu chini ya bati lenye hina. Khadidja akasikiliza maji yanavyompiga mgongoni, hana kinyongo na mtu. Macho yakawa mazito. Tangu utoto wake alikuwa mtu wa kulala ubavu. Akavuta kanga, akajigeuza, akalala.