Usikue Kwanza

Msimu wa matunda ya cheri, wachumaji wa bonde la Yakima, huko Marekani, huwaacha watoto wao chini ya mti wa kwanza wa kila mstari na kuwaagiza wasitoke hapo mpaka mama arudi. Eufemia alimwacha binti yake Yatziri na chapati ya mahindi iliyofungwa kitambaani, akapanda ngazi. Yatziri alikuwa na miaka mitatu na hakuwa mtoto wa kukaidi.

Mchana Eufemia alikwenda kwenye shule ya bure ya watoto wadogo wa familia maskini, majani yangali kichwani. Karani, Bi Twyla, ambaye kabila lake liliishi bondeni kabla ya shamba lolote kupandwa, alimpa kahawa kisha akamkatalia.

"Mwaka huu kipato chenu kimepita kiwango, dada. Kidogo tu, lakini kimepita."

"Tulichuma mpaka Jumapili ili tumnunulie viatu vya shule!"

"Ndiyo hivyo. Hata mjukuu wangu nimemkatalia mwenyewe, kisa mama yake ana mshahara. Njoo mwakani."

Eufemia alirudi shambani akachuchumaa mbele ya binti yake. "Usikue kwanza," alimwambia. "Tungoje nafasi."

Yatziri akatii.

Mwaka uliofuata alikuwa na miaka mitatu, na uliofuata pia. Mara kipato kilipita kiwango, mara kilishuka lakini nafasi zikawa zimejaa. Jirani yao Chela, ambaye hakuwa na simile, alipenda kutania.

"Wenzako kila mwaka tunahangaika na viatu, wewe umevipata vya kudumu! Hebu nifundishe, wanangu wananifilisi."

Eufemia alicheka naye. Aliona amefanya busara, kwani mtoto akikua shule ile itampita. Masikini, hapo ndipo alipokosea, na katika bonde zima hakuna aliyemwambia.

Kisha sheria ikalegezwa. Watoto wa kabila la Bi Twyla wangepokelewa bila kujali mishahara ya wazazi wao, na wa vibarua wa mashamba vilevile, mradi mkate wa nyumba unatoka shambani. Bi Twyla alipiga simu mwenyewe.

"Mjukuu wangu ameshaota ndevu, dada, lakini wa kwako bado yupo. Mlete!"

Eufemia alimwogesha binti yake, akamsuka mikia miwili, akampeleka. Yatziri alikaa kwenye kiti kilichomtosha barabara, akachukua penseli ya rangi kabla hajaambiwa. Bi Twyla alisoma cheti cha kuzaliwa, akakisoma tena.

"Ana miaka kumi na miwili."

"Si umtazame!"

"Namwona, dada. Ni mitatu kabisa, hata mtu akija kumpima. Lakini wamepanua mlango wa kipato. Wa umri hawakuugusa." Akamfuta Yatziri rangi kidoleni. "Wangetusikiliza mapema."

Njiani Yatziri aliuliza kama shule ni kesho. Eufemia aliongeza mwendo. Alijilaumu, akailaumu sheria, akarudi kujilaumu. Walipofika shambani alimkalisha kivulini.

"Basi, mwanangu. Kua."

Yatziri akaanza. Eufemia alikuwa juu ya ngazi alipomsikia akilalamika kwamba miguu inamuuma, kisha meno, kisha kifua. Hakushuka, kwa sababu kreti lilikuwa halijajaa na trekta lilikuwa njiani. Mikono ya gauni ilipanda mpaka viwikoni, mishono ikafumuka. Jua lilipoinama, alikuwa amefika begani kwa mama yake, na alikuwa hajui kuandika jina lake.

Msimamizi, Rutilio, alipita akihesabu makreti. Alisimama akamtazama Yatziri urefu wa mikono, akaona itafika matawi ya kati bila ngazi. Akamvika mikanda ya ndoo ya kuchumia mabegani, akaikaza. Umri hakumuuliza.