Tovuti ya Vipimo vya Dada

Dada mtu alikuwa mshonaji wa magauni ya harusi. Mdogo wake wa kiume, ambaye nyumbani walizoea kumwita Mtaalamu, ndiye aliyemtengenezea tovuti ya duka. Aliiandika yote mwenyewe, mstari kwa mstari, bila kuazima cha mtu. Gauni jipya likitoka cherehanini, dada humpigia simu: njoo unibandikie picha. Naye huja, hubandika, huandaliwa chai, na jioni humkuta palepale.

Kisha dada akaolewa, shemeji akaingia na maoni yake.

"Siku hizi kuna mifumo ya tayari," shemeji alisema, kompyuta mapajani. "Unaingia, unabandika picha, unabadilisha bei, basi. Si lazima ujue kuandika programu."

Kilichomchoma Mtaalamu zaidi si huo mfumo, ni bega la dada lililoegemea bega la shemeji.

"Mifumo hiyo mizito," alisema taratibu. "Imejaa vitu usivyovihitaji, na wezi wa mitandaoni wanaijua milango yake yote. Niliyokuandikia ni saizi yako hasa. Dada, wewe unapima watu mpaka kifundo cha mkono, leo unataka ya kutundikwa dukani?"

Shemeji akacheka. "Hapo amekupata, mke wangu."

Dada hakucheka. Alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye kitambaa.

"Mteja wangu kifungo kikikatika hanipigii simu, mdogo wangu. Anachukua sindano, anakishona mwenyewe. Hili gauni lako la mtandaoni mimi hata kifungo siwezi kukirudisha."

Ukurasa wa dada kujibandikia picha ulikuwa kazi ndogo, lakini kila Mtaalamu alipotaka kuuandika alijikuta akiusogeza mbele. Alijua kwa nini.

"Basi chukua ya shemeji," alisema, akainuka kwenda jikoni kujimiminia chai.

Punde akamsikia dada sebuleni, akiujaribu mfumo wa shemeji: "Mbona picha imelala ubavu?"

Aliweka birika chini, akatega sikio kusikia ataitwa nani, yeye au shemeji. Ikiwa ni shemeji, alishajiandaa kununa.

Vidole vikagonga kompyuta.

"Aa, kumbe ni hapa," dada alijiambia. Hakuitwa mtu.

Mtaalamu alibaki na wivu wake, hana wa kumwonea.

"Mtaalamu," dada aliita baadaye, "nimiminie na mimi."

Hapo uso ulimkunjuka. Akachukua kikombe cha dada, akamimina, akatia sukari nyingi kama dada alivyoipenda tangu utotoni, akakoroga. Shemeji akapita kuchukua maji, akachungulia.

"Siku hizi hatumii sukari, shemeji."

Mtaalamu akakivuta kile kikombe upande wake, akamimina kingine.