Mwenyekiti Anakula kwa Dobi

"Usiniunguzie kola, Mama Kiran. Leo si siku ya kola iliyoungua."

Phulmati hakuinua uso. Alifunua pasi, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akaifunika tena na kuipitisha taratibu juu ya kurta nyeupe, lile shati refu la wanasiasa. Kurta hiyo ilitiwa wanga wa maji ya wali tangu jana. Ungeisimamisha sakafuni ingesimama.

"Kola zako nimezipiga pasi ukiwa mbunge, nimezipiga ukiwa waziri, nazipiga na sasa huna cheo," alisema. "Niambie, iliungua ipi?"

Sukhari Rajak akacheka. Ilikuwa siku nyingi mkewe hajamsikia akicheka, na kicheko chenyewe kilimtia hofu kidogo.

Nje, majirani walikuwa wanafagia njia bila kuambiwa. Mtaa wa madobi uko mwisho wa kijiji cha Semraon, ng'ambo ya bwawa, mahali wageni hawafiki isipokuwa wamepotea. Leo Mwenyekiti wa chama angekuja kula chakula cha mchana hapa, nyumbani kwa Sukhari. Jioni angevuka mto kwenda uwanjani, amtaje mbele ya watu mgombea wa kiti cha jimbo, kile kilichotengewa watu wa tabaka la chini.

"Nyumba zote za jimbo hili, kachagua hii," Sukhari alisema huku akiingiza mikono kwenye kurta yenye joto. "Kama si tiketi ya kugombea, ni nini? Njaa?"

"Mimi sijui siasa. Najua kupika." Phulmati alikuwa ameamka gizani. Alikuwa amechoma litti, madonge ya unga wa ngano, kwenye makaa ya samadi kavu, akaponda mbilingani kwa kitunguu saumu na mafuta ya haradali, na mtindi ulikuwa umeganda vizuri kwenye chungu.

Bibi Dulari, jirani yao, alichungulia mlangoni akiwa na ufagio mkononi.

"Waziri! Ukipewa gari tena, uuambie na ule mfereji wako. Tangu ulipotoka ofisini kwako Patna unatafuta njia ya kuja huku, maskini, sijui umekwama wapi."

"Utafika, shangazi. Safari hii utafika."

"Mimi nitafika kwenye kuni za kuchomea maiti kabla yake," Dulari akasema, akaendelea kufagia.

Alikuwa anamtania, lakini ukweli ulikuwa mumo humo. Sukhari alizaliwa katika mtaa huu huu. Utotoni alibeba kichwani nguo safi za wenye mashamba, akaziweka kwenye ngazi za nje, kwa kuwa nguo zilikuwa na ruhusa ya kuingia ndani na yeye hakuwa nayo. Baadaye chama kilitafuta mtu wa tabaka lao kwa kile kiti, kikamwona: kijana mpole, anajua kusoma, hajui kubisha. Alishinda, akashinda tena, na mwisho akapewa uwaziri mdogo wa umwagiliaji. Alipata gari na mlinzi, na nyumba yenye bustani. Aliweka sahihi alipoonyeshwa mahali pa kuweka. Mkono aliuinua wenzake walipoinua. Mfereji wa Semraon ulichimbwa mpaka kwenye mashamba ya wakubwa, ukaishia hapo. Siku baraza la mawaziri lilipopangwa upya alikuwa ananyolewa. Redio ya kinyozi ilisoma majina yote, lake halikuwemo. Kinyozi alimalizia shavu la pili.

Kilichobaki ni kurta nyeupe. Aliivaa kila siku, hata siku ambazo hakuwa na pa kwenda.

Gari moja lilitangulia. Akashuka kijana mwenye miwani ya jua, simu mbili mkononi. Aliitwa Pankaj, mtu wa Mwenyekiti. Alimpita Sukhari mlangoni.

"Mzee, dobi yuko wapi?"

"Dobi yupi?"

"Mwenye nyumba. Atakayekula na Mwenyekiti."

"Ni mimi."

Pankaj aligeuka, akamtazama kutoka kola mpaka viatu.

"Aa, hapana. Mzee wangu, umevaa kama yeye! Kwenye picha watu watajuaje nani mgeni na nani mwenyeji? Vua hiyo. Huna fulana? Fulana tu na shuka la kiunoni. Kama imechanika kidogo, vizuri zaidi."

"Mwanangu, mimi nimekuwa waziri wa serikali."

"Ndiyo maana unanielewa haraka," kijana akajibu, wala hakuwa na ubaya sautini. "Na ile picha ukutani tuishushe. Na hicho kiti."

Ile picha ilimwonyesha Sukhari akila kiapo. Phulmati aliishusha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa pindo la sari, akailaza kifudifudi chini ya kitanda. Aliporudi, mumewe alikuwa anafungua vifungo. Kurta ilikwaruza ikitoka, kwa ule wanga.

Kisha vijana wengine wakaingiza makasha ya chakula kutoka hoteli ya mjini, sahani mpya na maji ya chupa.

"Lakini nimepika," Phulmati alisema.

"Tunajua, mama, asante. Ila Mwenyekiti tumbo lake jepesi."

Alizifunika sufuria zake kwa kitambaa, akazipeleka uani, akakaa nazo.

Mwenyekiti alikuja na vumbi la magari mengi, shingoni kavaa taji za maua, ambazo alizivua moja moja na kuwapa watu wake. Aliketi mkekani, magoti yakilia. Wapiga picha walijazana mpaka mlango ukatiwa giza. Aliuchovya mkate kwenye dengu za manjano, akauinua, akamlisha Sukhari kwa mkono wake mwenyewe. Mara ya kwanza picha haikutoka vizuri, akamlisha tena. Mara hiyo dengu zikamdondokea Mwenyekiti mwenyewe kifuani, kwenye kurta yake.

"Wakubwa tunajichafua kwa ajili ya wadogo!" akasema, na nyumba nzima ikacheka.

Mwenyekiti alibadilisha nguo chumbani. Alipotoka, Sukhari alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameifumbata kifuani. Akanong'ona, "Mwenyekiti, lile jambo la kiti..."

Mwenyekiti akamtupia kurta iliyochafuka, akamshika bega.

"Hii nani ataiweza zaidi yako? Ndugu yangu, niletee mwenyewe Patna. Tutakaa, tutaongea yote."

Magari yakaondoka. Majirani wakaingia.

"Kasemaje?" Dulari aliuliza. Hakuwa anatania sasa.

"Kasema niende Patna. Kasema tutaongea yote."

Watu wakatazamana, wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Phulmati akanyoosha mkono. "Nipe niifue."

"Hapana. Kaniambia mimi."

Sukhari alishuka bwawani na fulana yake mwilini. Jiwe la kufulia la baba yake lilikuwepo, limelika katikati kama tandiko. Tangu alipoingia chama hakuwahi kuligusa, lakini mikono haikuuliza chochote. Iliikunja nguo, ikaipiga, ikaikamua. Alipopaka sabuni, doa la manjano likageuka jekundu, likaenea. Hilo hakulishangaa. Bizari ya manjano hufanya hivyo ikiguswa na sabuni. Baba alikuwa akisema, manjano hayatolewi na mkono, hutolewa na jua.

Vipaza sauti vya ng'ambo ya mto vilikuwa vinakoroma kwa muda sasa. Upepo ukageuka, na sauti ya Mwenyekiti ikafika bwawani safi kabisa: jina la mgombea ni Rakesh Baitha, wa tabaka lilelile, ila mtoto wa mkandarasi wa barabara. Fataki zikalia. Ndege weupe wakaruka kutoka kwenye matope, wakazunguka, wakatua palepale.

Sukhari alisuuza nguo.

Phulmati alikuwa ameshuka, amesimama ukingoni na litti mbili kwenye sahani.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi iache hiyo. Njoo ule."

"Kasema nimpelekee."

"Utampelekea, halafu utamwambia nini, Baba Kiran?"

Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali bungeni kwa mara ya kwanza.

"Nitamwambia doa limetoka."

Phulmati aliweka sahani juu ya jiwe. Sukhari akapanda na kurta mpaka kwenye kamba, akaitundika kando ya ile yake, iliyokuwa bado imekakamaa kwa wanga, mikono imenyooka. Hii ya Mwenyekiti ilining'inia nzito, ikidondosha maji, na kifuani doa lilikuwa jekundu.

Jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya tanuri la matofali. Hata hivyo aliizungusha nguo kwenye kamba, akaielekeza kifua upande ule, akasimama na fulana iliyolowa, akiishikilia isigeuzwe na upepo.