Dakika Tano za Saa ya Jikoni

Kwa miaka ishirini na miwili saa ya ukutani jikoni kwangu ilikwenda dakika tano mbele. Niliyapata mazoea hayo ya kuwahi shuleni, bwenini, ambako aliyefika kengele ikilia alihesabiwa kuwa amechelewa. Mke wangu alijua, kaka yake alijua, hata muuza maziwa alijua; mimi peke yangu nilishikilia kwamba saa ile ni sahihi na wao ndio wazembe. Kwa sababu hiyo shemeji yangu huyo, fundi cherehani, aliniita Kengele.

Huyo ndiye aliyekuwa mwenzangu katika mambo ya nyota. Darubini zetu mbili zilisimama uani, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji, zikielekea bondeni ambako jua huchomozea. Darubini kubwa ilibeba kamera. Ndogo, iliyofungwa ubavuni mwake, ilikuwa ya jicho. Hazikuwa na mota ya kuzigeuza zifuate anga. Picha ilipopigwa, ilibidi mtu aweke jicho kwenye ile ndogo na kuifuata nyotamkia, ile nyota yenye mkia tuliyoiwinda mwezi huo, kwa kuzungusha kifundo polepole, isiteleze hata unywele. Mikono yangu hutetemeka. Yake ilizoea kuongoza kitambaa chini ya sindano.

Asubuhi ile ilikuwa ya mwisho. Nyotamkia ilikuwa imelikaribia jua mno, na siku ya pili ingemezwa na mwanga wake, isionwe tena na yeyote aliye hai leo. Jua lingechomoza saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilikuwa nimeweka sheria: ikifika saa kumi na mbili na robo, vifuniko juu ya lenzi zote mbili, hata kama mkia umejaa mbingu nzima. Jua likiingia katika darubini, na jicho likiwa upande wa pili, jicho hilo limekwisha. Na fundi cherehani asiye na jicho atakula nini?

Kwa kuwa kazi hiyo hutaka wakati kamili, jioni iliyotangulia nilipanda kiti nikairudisha saa nyuma dakika tano. Sikumwambia mtu. Ningewezaje kusema nimesahihisha saa ambayo, kwa kauli yangu mwenyewe, haijawahi kukosea?

Tulipiga picha nane. Katikati ya ile ya tisa kamera ikazimika.

"Betri," nikasema. "Naifuata ya akiba. Ikifika robo, funika. Saa unaiona dirishani."

"Naiona, Kengele. Naijua kuliko wewe."

Betri haikuwa kwenye droo yake. Nilipekua sebule nzima, jasho likinitoka, kabla mke wangu hajaniuliza kutoka jikoni natafuta nini.

"Kile kidude cheusi? Nimekiweka kwenye kopo la vifungo, huku jikoni."

Nikakichukua, nikainua macho ukutani. Saa kumi na mbili na dakika kumi na saba. Nilichungulia dirishani. Shemeji alikuwa bado ameinama, na mkono wake haukuwa tena na ule utulivu; ulizungusha kifundo huku na huku.

"Shemeji, funika."

"Bado dakika tatu." Aliitazama saa kwa pembe ya jicho bila kuinua kichwa. "Imenipotea kwenye mwanga, naitafuta huku chini."

Huku chini ndiko lilikokuwa linakuja jua.

"Nimesema funika. Muda umepita."

"Kwako umepita tangu tuzaliwe. Saa yako mtu hutoa tano, akaishi kwa amani."

Mke wangu alicheka, akakoroga chai. Sentensi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, fupi, nyepesi, na haikutoka. Badala yake niliamuru mara ya tatu, kwa sauti ya kiranja, na yeye akanijibu kwa mluzi. Mshale mrefu ukasogea. Kumi na nane. Ukingo wa bonde ukaanza kuwa mweupe kama bati lililosuguliwa. Nilisimama na betri mkononi, nikiilinda heshima ya saa ya ukutani huku jicho la mtu likiwa rehani. Kumi na tisa.

"Niliirudisha," nikasema. "Jana jioni. Saa ni ya kweli."

Aliinua kichwa. Nadhani alikiinua kwa mshangao kuliko kwa utii. Papo hapo jua likapenya darubini ndogo, na nukta ya nuru, kubwa kama kifungo cha shati, ikatua kwenye ukosi wake, mahali ambapo jicho lilikuwa limekaa kabla hajakiinua.

Nilipofika uani alikuwa amekwisha kufunika lenzi. Aliketi juu ya ndoo, akipepesa macho.

"Unaona?"

Alichomoa sindano aliyoichomeka kwenye ukosi, akauvuta uzi mpaka ukatoka wote, akafumba jicho la kushoto, akaanza kuutunga upya. Ncha ya uzi ikapita pembeni ya tundu. Akailamba ncha, akaikaza kwa vidole, akajaribu tena.

Ukapita.

"Ni mikono iliyotetemeka," akasema, "si jicho." Kisha akanitazama kwa yote mawili. "Sasa sema tena, dada yangu asikie. Saa uliirudisha kutoka wapi?"

Mke wangu, dirishani, alizima jiko ili sufuria isimzuie kusikia.

"Kutoka mbele," nikasema. "Dakika tano."