Amplifaya ya Mtumbwi wa Rubisi

Mzee Rwegoshora wa Rugera alikuwa na sababu ya kusema uongo mwingi, na sababu yenyewe ilikuwa masikio. Miaka yote aliyoendesha lori la kahawa, injini ilimtafuna masikio taratibu kama panya anavyotafuna kona ya gunia, na alipostaafu akakuta gunia tupu. Lakini anayesimulia hahitaji kusikia. Wanaohitaji kusikia ni wengine. Kwa hiyo mtu akimkaribia tu, kabla hajafungua mdomo, Rwegoshora alikuwa ameshaanza.

"Hizi mnaziita amplifaya?" aliwaambia wanakwaya siku za mazoezi, gitaa likiwa pajani. "Mimi nilibeba amplifaya kwenye lori nikienda Kyerwa, nikaijaribu pale mlimani. Kahawa ikajimenya yenyewe! Nimefika chini, maganda upande huu, buni upande huu."

"Na shahidi ni nani, Tata?" akauliza Jovin, mwalimu wa kwaya. Midomo ya Jovin mzee aliisoma vizuri, maana kijana yule alitamka maneno kama anayetafuna muwa.

"Shahidi ni ile kahawa. Nenda Ulaya kaiulize."

Walipokwisha kucheka aliwapa za mbele. Amplifaya zijazo, alisema, zitakuwa ndogo kama mche wa sabuni, hazina spika hata moja, na sauti itatokea huko mbele kwa watu. Zitachajiwa kwa jasho la mpigaji. Kidole kikikosea, mashine itakohoa ili kuficha aibu. Na mtu akipiga kwa majivuno, inajizima mpaka atubu.

Moja tu hakuwahi kuisema, nayo ndiyo aliyoitaka kweli: amplifaya itakayompigia mwenyewe kelele na kuwanong'oneza wengine.

Kwa sasa alikuwa na ya kwake. Aliiunda kwa mtumbwi wa mti wa kuchachushia rubisi, ile pombe ya ndizi, alioununua kwa Nyirabageni, mpika pombe wa kijiji, mwaka ule mama huyo alipookoka. (Wokovu wenyewe ulidumu hadi ndizi zilipoiva tena.) Rwegoshora aliufunika mtumbwi kwa ubao, akafunga spika mbili na matumbo ya redio kuukuu, na mwisho wa ubao akaacha nafasi ya kukalia. Watu walidhani ni uzee. Kumbe pale ndipo alipokuwa akisikia. Noti nene zilimpanda kwenye nyonga, nyembamba zikamtekenya uti wa mgongo, na kwaya ikiimba wimbo mzima ulimpitia mifupani kama maji ya moto. Masikio yake alikuwa akiyakalia.

Aliyejua ni mkewe tu, Adventina.

"Mwambie Jovin," Adventina alimwambia, akiwa amemshika kidevu ili amtazame mdomo. "Kiziwi si mwizi."

"Nikimwambia, nitapewa kiti cha wazee pale mbele, nipigiwe makofi, na gitaa apewe mwingine. Nitakaa na nini?"

Adventina akamwachia kidevu. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili ya Sikukuu ya Mavuno, Rwegoshora aliingia kanisani akakuta pale pake pamewekwa kiti cha plastiki. Chini ya kiti kulikuwa na kidude cheusi kama mche wa sabuni, na waya mmoja ukielekea kwenye spika kubwa za mlangoni. Jovin alimrukia kwa furaha.

"Tata, ulilotabiri limefika! Haina spika, sauti inatokea kule kwa watu! Tumechanga kimyakimya, tukasema tukushtukize."

"Na ile ya zamani?"

"Tumeitoa mavuno, itanadiwa leo."

Kweli, mtumbwi wake ulikuwa mbele ya madhabahu, kati ya mikungu ya ndizi na majogoo waliofungwa miguu, umepambwa kwa maua.

Wimbo wa kwanza aliupiga akiwa amekaa kwenye plastiki. Hakuna kilichopanda. Nyonga zilikuwa kimya, mgongo kimya. Ilikuwa kama kupapasa nyumba ya mtu mwingine gizani. Alitazama mkono wa Jovin, akaufuata kama mkia wa lori lililo mbele, na alipoona waimbaji wanageuka kumtazama alijua ameachwa nyuma. Akatabasamu. Wakatabasamu nao: mzee ana haya ya chombo kipya.

Basi akaamua: mnadani ataununua mtumbwi wake, hata kwa pesa ya pensheni aliyoitenga ya bati, na kwa Jovin atatunga uongo wowote utakaomjia.

Mnada uliendeshwa na Mwinjilisti Lameck. Siku nyingine Rwegoshora angemsoma midomo bila shida, lakini leo Lameck alikuwa na maikrofoni mpya, na aliimeza kama mtu anayekula hindi. Mdomo haukuonekana. Rwegoshora alisubiri mpaka aone kidole kikielekea kwenye mtumbwi, akainua mkono.

Upande wa akina mama akainuka Nyirabageni. Huyu hakuhitaji maikrofoni, aligeuka kabisa amtazame mshindani wake, na maneno yake yakaonekana hadi meno.

"Mzee, niachie! Nataka wa kulishia nguruwe!"

Kanisa zima likayumba kwa kicheko, maana nguruwe wa Nyirabageni wote walijulikana kwa majina, na walirudi kwao kwa miguu miwili, wakiyumba vilevile.

Rwegoshora akainua mkono. Nyirabageni akainua. Mzee akasimama kabisa na mkono wake juu, hakuushusha, mpaka yule mama akakaa na kutupa kitenge begani. Lameck akapiga meza. Umekuwa wake!

Sasa, mnada wa mavuno una desturi yake. Aliyenunua huulizwa: unabeba, au unamtunuku mtu? Wengi hutunuku, maana kubeba nyumbani kuku aliyekwisha kutolewa kwa Mungu, watu hukutazama kidogo. Lameck aliimeza tena maikrofoni, akamwelekea mzee, kisha akanyoosha mkono kwa Nyirabageni. Watu wote walimgeukia Rwegoshora wakingoja.

Naye akafanya alichofanya siku zote asiposikia. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akapunga mkono kama anayebariki.

Wakalipuka. Akaona vinywa vya vigelegele pande zote. Akaona Adventina kule nyuma amesimama juu ya benchi, kinywa wazi, akipunga mikono miwili, akasema moyoni: leo hata mke wangu anashangilia. Kisha wana wa Nyirabageni wakainua mtumbwi, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakatoka nao mlangoni. Nyirabageni mwenyewe akaja kupiga magoti mbele yake.

"Waitu, mzee wangu, Mungu akuzidishie. Zawadi kama hii, na mimi nilikutukana moyoni!"

Aliyasoma maneno yale moja moja. Alimtazama tena Adventina, ambaye sasa ameshuka benchini na kufunika uso. Zawadi iliyotajwa madhabahuni hairudishwi, ila kwa kusema: sikusikia. Neno lile moja mzee alilifikisha mpaka kwenye ulimi. Jovin alikuwa pale pembeni, anatazama. Gitaa lilikuwa kitini.

"Spika usizing'oe," Rwegoshora akasema. "Rubisi ikichachia karibu na spika, mnywaji huamka Jumatatu bila kuumwa kichwa. Nimeiona Kyerwa kwa macho yangu."

Nyirabageni akacheka hadi akashika sakafu.

Ukafika wimbo wa kufunga. Mzee akarudi kwenye plastiki, akainama mpaka taya ikagusa mbao ya gitaa, kama mtu anayeomba. Alipiga uzi mmoja, akatazama nyuso za watu ili ajue kama umelia. Hazikumwambia kitu. Jovin akainama, akazungusha kitufe cha kile kidude, akageukia wanakwaya huku akimwambia mzee neno fulani, mdomo usionekane.

Rwegoshora akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.