Pini ya Arobaini

Simu ilipolia saa mbili asubuhi, Fundi alikuwa amebana pini tano mdomoni, kwa hiyo akaipokea kwa kuguna.

"Mama, imeanza," binti yake akasema huku akihema. "Tunaelekea hospitali."

Pini zote tano akazitema kiganjani. "Wee! Jikaze mwanangu! Lakini usizae kwanza, nimebakiza pande mbili!"

"Mama, mtoto hangojei cherehani," binti akajibu, na simu ikakatika.

Hapo ndipo patashika ilipoanza. Fundi alikuwa anashona blanketi la viraka la mjukuu wake wa kwanza, na kila kiraka kilitoka kwenye gauni ambalo binti huyohuyo alilivaa utotoni: la manjano aliloanguka nalo matopeni, la maua alilokataa kulivua siku tatu, na sare ya darasa la kwanza. Walikubaliana hivi: likimalizika kabla mtoto hajatoka, hilo ndilo atakalofunikwa mwanzo kabisa. Lisipomalizika, basi mama mkwe wa binti ameshanunua shali jeupe la dukani, limetulia kwenye mfuko wake wa nailoni. Shali hilo lilimkaa Fundi rohoni kuliko deni. Kila akilikumbuka alikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka meza ikatetemeka.

"Wifi, leo ni kufa kupona," akasema.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa kwenye cherehani ya pili wakitazamana. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja katika chumba kile, hawakumaliza saa nzima bila kurushiana maneno.

"Utakufa na kupona vipi na hizo pini zako?" Wifi akauliza. "Zimekuwa butu hata ndizi mbivu hazitoboi. Chukua zangu mpya."

"Pini zangu zina adabu. Hazichomi watu ovyo."

"Hazichomi watu, hazichomi kitambaa. Sasa kazi yake nini?"

Fundi akajifanya hasikii. Zilikuwa pini arobaini, anazitunza kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, na hajawahi kutupa hata moja. Iliyopinda aliinyoosha kwa meno. Iliyokuwa butu aliichomeka kwanza kwenye kipande cha sabuni ili iteleze, kisha akaisukuma kwa ile kofia ya chuma ya kidoleni mpaka ikubali kupita kwenye kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Nyuzi za gauni la manjano zilikuwa zimeanza kuvutika kwa ubishi huo, naye akazisugua kwa ukucha kama vile hakuna kilichotokea. Sharti lake lilikuwa moja, na hilo hata Wifi hakuthubutu kulitania: zikiingia arobaini, zitoke arobaini. Nguo ya mtoto haikunjwi kabla pini hazijahesabiwa.

Basi akashona! Cherehani ikalia, uzi ukakatika, ukaingizwa, pini zikachomolewa moja moja na kutupwa koponi. Wifi alishika upande wa pili akivuta kitambaa kisikunjamane, na wote wawili walikuwa wanacheka bila sababu, jasho likiwatoka. Upande wa tatu ukaisha. Wa nne ukaisha. Fundi akapiga kigelegele, akaegemea meza, akamwaga kopo kuhesabu.

Thelathini na tisa.

Akahesabu tena. Thelathini na tisa. Wifi naye akahesabu, polepole, kwa midomo. Ni zilezile. Wakapiga magoti sakafuni, wakapitisha ufagio chini ya meza, wakakung'uta mikeka, wakakung'uta na gauni la Fundi akiwa amelivaa. Patupu. Wakalitandaza blanketi mezani na kulipapasa mara tatu kwa viganja. Hakuna kilichowachoma.

Simu ikalia. "Wa kike!" akapaza sauti mkwe wake, yaani mume wa binti. "Wote wazima! Mama, uko wapi? Njoo na blanketi!"

Fundi alilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akalitazama blanketi, akachukua wembe.

"Unafanya nini?" Wifi akashtuka.

"Nafumua."

"Una wazimu? Mtoto kashatoka! Shali linafunguliwa sasa hivi!"

"Na lifunguliwe," Fundi akasema. Akakata uzi wa kwanza. Kila uzi aliokata ulimuuma, lakini mkono haukusita.

Wifi hakuweza kutazama. Akakimbilia kwenye boksi la takataka, akachakura vipande vya nguo, akarudi mbio na kitu kidogo kati ya vidole. "Hii hapa! Nisamehe wifi yangu, niliitupa mwenyewe ulipokuwa kwenye simu. Ilikuwa imepinda. Niliogopa kukwambia. Haya, shona, twende!"

Fundi akashusha pumzi ndefu. Akaipokea, na kwa mazoea tu akaibonyeza kwenye kidole gumba. Tone la damu likachomoza papo hapo.

Akalitazama lile tone. Akamtazama Wifi.

"Pini yangu hii?"

Wifi akainamisha kichwa. "Nilitaka uwahi," akasema. "Umeingoja siku hii mno."

"Najua." Fundi hakukasirika, alishindwa hata kukasirika. "Lete wembe wako. Tufumue wote."

Waliipata chini ya gauni la manjano, imelala ubavu ndani ya pamba, mahali ambapo kichwa cha mtoto kingekaa. Fundi alikuwa ameisukuma kwa nguvu ile, kitambaa kikongwe kikalegea, ikazama na kichwa chake. Na kwa kuwa ilikuwa butu, ilikaa kimya chini ya viganja vyao vyote vinne. Fundi aliishika, akakaa chini sakafuni.

"Nilizisifia adabu," akasema. "Wifi, nilizisifia!"

Walifika hospitali saa sita, blanketi likiwa na upande mzima uliofumuliwa, pamba inachungulia. Mama mkwe wa binti alikuwa ameketi kando ya kitanda, amempakata mtoto aliyeviringishwa shali jeupe mpaka kidevuni. Fundi akasimama mlangoni. Iliuma, tena iliuma sana.

"Mama, mbona limebomoka?" binti akauliza kwa sauti ya uchovu. "Nilikungoja."

Fundi akaeleza yote, bila kujitetea: pini, hesabu, wembe. "Moja tu," akamalizia. "Kosa ni langu."

Mama mkwe alimtazama mtoto, kisha akalitazama shali lake. Akaanza kupitisha kidole kwenye pindo lake, pole pole, mpaka akalizunguka lote.

"Mimi hili nimelitoa kwenye nailoni nikamfunika," akasema. "Hata mkono sikulipitishia."

Akainuka, akalifungua shali, akamlaza mtoto juu ya blanketi mikononi mwa Fundi. Kile kiumbe kikapiga chafya, kikatia ngumi kwenye kiraka cha maua na kusinzia. Fundi aliona mwili wote unamsisimka kwa furaha.

"Sasa umalizie upande huo," mama mkwe akasema. "Sindano si unayo?"

"Sindano, na mjukuu wangu yumo ndani? Thubutu!"

Na upande ule haujashonwa mpaka leo, kwa sababu kila Fundi akija na sindano yake, anamkuta mtoto yumo.